Pengo la mwanafunzi: Ni nani atakayelifikia kwanza?

Ukifika Kapsokwony siku ya soko, baada ya akina mama kupanga viazi na vitunguu vyao na magari ya kutoka Kimilili kushusha abiria, utawakuta wanaume wachache wamejikusanya kivulini wakiuzunguka ubao uliochorwa miraba meusi na meupe. Kete zao ni vizibo vya chupa za soda, vingine vimelazwa kifudifudi na vingine chali ili kutofautisha majeshi mawili. Huo ndio mchezo wa drafti. Watazamaji huwa wengi kuliko wachezaji, na kila mtazamaji hujiona bingwa.

Msomaji mpendwa, si lazima uwe mjuzi wa drafti ili uelewe kinachomwangusha mchezaji pale. Kete ya adui haiwezi kuliwa ikiwa nyuma yake kuna kete nyingine iliyoikinga mgongo. Huliwa pale tu ambapo mraba ulio nyuma yake ni mtupu, kwa kuwa ndipo anayeila atakapotua baada ya kuiruka. Kwa hivyo mchezaji mahiri haangalii kete tu, bali huangalia nafasi zilizo tupu baina ya kete. Tena asipoliona pengo, hulitengeneza. Humtolea mwenzake kete moja ya bure, na pale ambapo sheria inamlazimisha mchezaji kula anachopewa, yule mwenzake hula huku akiacha mlango wazi nyuma yake. Mzee mmoja aliyeliwa kete tatu kwa mruko mmoja alitikisa kichwa na kumwambia kijana aliyemshinda, "Kijana wangu, hukunishinda kwa nguvu. Umeingia kwa mlango nilioufungua mwenyewe." Kijana naye akajibu kwa adabu, "Mzee, nao mlango huo niliuona tangu mwanzo."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi katika siku hizi ambapo walimu na wazazi wanabishana juu ya mambo mawili makubwa. La kwanza ni mageuzi ya elimu. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, tathmini ya kwanza ya kukamilisha sekondari ya chini ikafanywa mwaka wa 2025, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wakaingia Gredi ya 10. La pili ni mashine zinazosemekana kuwa na akili, yaani akili unde, ambazo serikali ya Kenya ilizitolea mkakati wa kitaifa mwezi Machi 2025 na ambazo, mkakati uwepo usiwepo, tayari zinawaandikia wanafunzi wetu insha. Watu huyazungumza mambo haya kana kwamba hayahusiani. Maoni yangu ni kwamba yanakutana mahali pamoja, na mahali penyewe ni lile pengo lililo nyuma ya kete. Ili kulionyesha jambo hili, naomba nikuchukue mbali kidogo, hadi Asia ya Mashariki, kwenye mchezo uliolichunguza swali la pengo kwa undani kuliko mchezo mwingine ninaoufahamu.

Mchezo huo huitwa Go na Wajapani, weiqi na Wachina, na baduk na Wakorea. Ulianzia Uchina na umechezwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Ubao wake una mistari 19 ya wima na 19 ya mlalo, na kete huwekwa pale mistari inapokutana, si ndani ya miraba. Hivyo basi ubao una nukta 361. Mmoja ana kete nyeusi na mwingine nyeupe, na kila mmoja huweka kete moja kwa zamu. Kete ikishawekwa haisogei tena, ila huondolewa ikitekwa. Lengo ni kuzingira eneo kubwa kuliko mwenzako.

Kete hutekwa vipi? Hapa Wachina wana neno ambalo Mswahili atalielewa bila mkalimani. Nukta tupu zilizopakana na kete huitwa pumzi zake. Kete moja iliyo peke yake katikati ya ubao ina pumzi nne: juu, chini, kushoto na kulia. Adui akizijaza zote, kete imekosa pumzi na huondolewa. Kete za rangi moja zinazogusana hupumua pamoja na hufa pamoja.

Sasa tazama umbo linavyoweza kuwa nguvu au udhaifu. Ukizipanga kete tatu katika mstari mmoja ulionyooka, zina pumzi nane. Ukizichukua kete zizo hizo tatu ukazikunja kama kona ya nyumba, pumzi zinabaki saba. Idadi ya askari ni ile ile, lakini mpangilio mmoja unapumua vizuri kuliko mwingine. Wachezaji wa Go huliita umbo hilo la kona pembetatu tupu, na mwanafunzi wa mwezi wa kwanza huonywa alikimbie. Kumbe udhaifu si lazima uwe uchache wa kete. Waweza kuwa namna kete zilivyokaa.

Mfano wa pili ndio ninaouomba uukumbuke hadi mwisho wa makala haya. Kundi la kete lililozingirwa kote kote na adui laweza kuishi milele ikiwa ndani yake kuna vyumba viwili vilivyotengana, ambavyo huitwa macho. Adui hawezi kuvijaza vyote viwili kwa mara moja, na akithubutu kuingia kimoja anakosa pumzi papo hapo. Kundi lenye jicho moja tu litakufa. Haya, chukua kundi lililozingirwa ambalo tumboni mwake mna nukta tatu tupu zilizofuatana katika mstari. Je, liko hai au limekufa? Jibu ni kwamba bado halijaamuliwa. Mwenye kundi akiweka kete yake katika nukta ya katikati, amekigawa chumba kimoja kuwa viwili, amepata macho mawili, na kundi lake limeokoka. Lakini adui akitangulia kuweka yake katika nukta hiyo hiyo ya katikati, macho mawili hayapatikani tena hata kwa dua, na kundi zima limekwisha.

Nukta ni moja, ubao ni ule ule. Tofauti ya uhai na mauti ni nani aliyefika kwanza. Ndiyo maana wachezaji wa Go wana msemo kwamba nukta muhimu kwa adui yangu ni nukta muhimu kwangu mimi pia.

Fauka ya hayo, bingwa wa Go hana pupa. Anapouona udhaifu katika umbo la mwenzake, mara nyingi hauvamii palepale. Huweka kete kando yake, kama mtu anayechungulia dirishani, kumjulisha mwenzake kwamba ameuona. Mwenzake hana budi kuziba, na katika kuziba anarundika kete mahali pamoja kama magunia, zikawa nzito na zisizo na kazi. Wakati huo bingwa amejipatia nafasi ya kujenga upande wa pili. Kwa hakika, faida kubwa ya udhaifu wa adui haipatikani kwa kumuua, bali kwa kumfanya aishi kwa shida huku wewe ukivuna kwingineko. Anayekimbilia kuua huacha mapengo yake mwenyewe wazi. Haraka haraka haina baraka.

Asije akadhani mtu kwamba hekima hii ni ya Wachina pekee. Bao letu la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, limejengwa juu ya fikira iyo hiyo. Kila mchezaji huanza na kete sita katika shimo liitwalo nyumba, mbili katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Nyumba hujazwa kadiri mchezo unavyoendelea, ikawa ghala la mali. Lakini ghala hilo liko katika safu ya mbele, ana kwa ana na mashimo ya adui, na kete za shimo la mbele hutekwa pale adui anapomalizia kete yake katika shimo lake lenye kete linalolikabili. Hivyo basi penye utajiri mkubwa ndipo penye hatari kubwa. Mholanzi Alex de Voogt, aliyekwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao na kuandika tasnifu yake ya Leiden mwaka wa 1995, alishughulishwa hasa na jinsi akili ya bingwa inavyoweza kufuata kete hatua nyingi mbele bila kuzigusa. Waganda wana omweso, Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi. Babu zetu hawakuwa wakipoteza wakati chini ya miti. Walikuwa wakisomeshana kuona pengo.

Sasa tuingie katika kiini. Kwa muda mrefu Go ulikuwa mchezo ambao tarakilishi zilishindwa kuufikia. Nukta 361 huzaa mipangilio mingi mno, na waliodhani kuwa mashine itahitaji miaka mingi bado hawakuwa wachache. Kisha Machi 2016, mjini Seoul, programu iitwayo AlphaGo, iliyotengenezwa na kampuni ya DeepMind ya London, ikamshinda Lee Sedol, mmojawapo wa mabingwa wakubwa wa zama hizi, kwa michezo minne kwa mmoja. Mwaka uliofuata ikamshinda Ke Jie wa Uchina mitatu kwa nunge. Novemba 2019 Lee Sedol akatangaza kustaafu, akieleza kuwa hata akiwa wa kwanza duniani, kuna kitu kisichoweza kushindwa.

Hata hivyo, ule mchezo mmoja alioshinda Lee una mafunzo. Katika mchezo wa nne, hatua ya 78, aliweka kete mahali ambapo mashine haikutarajia, na baada ya hapo mashine ikaanza kutapatapa na kucheza hatua za kitoto. Wachambuzi waliouchunguza mchezo baadaye walionyesha kwamba hatua ile haikuwa kamilifu, na kwamba ingejibiwa barabara isingefua dafu. Lakini haikujibiwa barabara. Lee hakulipata kosa katika ubao, alilipata katika mpinzani.

Kisa hakikuishia hapo. Baada ya AlphaGo zilikuja programu nyingine, na mojawapo iliyo maarufu ni KataGo, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuitumia. KataGo hucheza kuliko binadamu yeyote aliye hai. Mwaka wa 2022 kundi la watafiti wa Marekani likaunda programu nyingine ambayo kazi yake haikuwa kujifunza kucheza Go vizuri, la hasha, bali kumsoma KataGo peke yake na kumtafutia pengo. Baada ya michezo mingi sana ya majaribio, pengo likapatikana. Programu ile ya mchokozi ikawa inaishinda KataGo katika zaidi ya michezo 97 kwa kila 100.

Pengo lenyewe lilikuwa lipi? Mchokozi hujenga kundi dogo na kuiacha KataGo ilizingire. Kete za KataGo zikishatengeneza duara kamili kulizunguka kundi lile, mchokozi huanza kulizingira duara lenyewe kutoka nje, taratibu, huku akichezacheza pembeni kuivuta macho. Binadamu mwenye uzoefu wa wastani angeliona duara lake likikosa pumzi moja baada ya nyingine na angekimbilia kuliokoa. KataGo haikuona. Iliendelea kucheza kwa utulivu mahali pengine, ikiamini imeshinda, hadi duara zima likatekwa.

Naye Kellin Pelrine, Mmarekani ambaye ni mchezaji wa ridhaa, si mtaalamu wa kulipwa, akajifunza mbinu hiyo na kuitumia mwenyewe, bila tarakilishi kumsaidia wakati wa kucheza. Kati ya michezo 15 dhidi ya KataGo alishinda 14. Habari hizo zilienea duniani Februari 2023. Wahandisi wakajaribu kuliziba pengo kwa kuifunza mashine mifano ya shambulio lile. Mwaka wa 2024 watafiti wakaripoti kwamba hata mashine zilizokingwa kwa njia mbalimbali ziliweza kushindwa tena kwa mashambulio mapya.

Ndugu mwalimu, simama hapa kidogo ujiulize: inawezekanaje mashine inayocheza kuliko binadamu yeyote ishindwe na mtu wa ridhaa? Jibu ni dhahiri shahiri. Mashine ile haikufunzwa maana ya duara, wala maana ya kuzingirwa. Ilifunzwa kwa kucheza na nakala zake yenyewe mamilioni ya mara, na katika michezo hiyo umbo la duara lililozingirwa halikutokea kwa wingi, kwa sababu hapakuwa na mpinzani wa kulitafuta. Ilikuwa hodari mno katika kila lililozoeleka. Katika lisilozoeleka ilikuwa kipofu, na ubaya wake ni kwamba haikujua kuwa ni kipofu.

Je, hatumjui mtu wa namna hiyo? Tunamjua, tena tunamlea sisi wenyewe. Ni mwanafunzi wetu hodari aliyepitishwa katika karatasi za mitihani ya miaka kumi iliyopita, akazifanya na kuzirudia, akajua kuwa swali la namna hii hujibiwa kwa namna hii. Mtihani wa majaribio humkuta tayari. Anapata alama za juu, wazazi wanafurahi, jina la shule linatangazwa. Kisha siku moja linakuja swali ambalo limeuliza jambo lile lile kwa umbo jingine, na mtoto yule anatazama karatasi kama aliyepotea msituni. Nimewahi kumuuliza mwanafunzi mmoja aliyejua kwa ufasaha kanuni ya kutafuta eneo la mstatili, anipimie kishamba cha viazi kilichokuwa na kona iliyokatwa. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo hatujafunzwa." Kweli alikuwa hajafunzwa. Alikuwa amezoeshwa.

Hapa ndipo mambo yale mawili niliyoyataja yanapokutana. Mashine za akili unde zinazowaandikia wanafunzi insha zimejengwa kwa njia ya kumeza maandishi mengi na kubashiri linalofuata kwa kawaida. Ni hodari katika lililozoeleka. Mwanafunzi aliyefunzwa kukariri lililozoeleka ameshindana na mashine katika uwanja wa mashine, na atashindwa kila siku. Akiitumia kumfanyia kazi ya nyumbani, amejiongezea pengo juu ya pengo, kwani hata kule kukariri amekuacha. Na mashine ikimdanganya kuhusu jina la mto au mwaka wa tukio, kama inavyofanya mara kwa mara kwa lugha tamu isiyo na shaka, hatakuwa na jicho la kuona kwamba duara limezingirwa.

Kuna pia wale wanaoliona pengo la mtoto na kulitumia kwa makusudi. Itakumbukwa kuwa katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na Machi 2016, mwezi ule ule ambao Lee Sedol alikuwa akipambana na mashine mjini Seoul, bodi ya Baraza la Mitihani ya Kenya ilivunjwa. Wauzaji wa karatasi za mtihani, ziwe za kweli au za kughushi, ni wachezaji hodari sana. Hawamwendei mwanafunzi anayeelewa. Wanamwendea yule mwenye hofu na mzazi wake mwenye haraka, wanaweka kete yao kwenye nukta ya katikati, na kundi zima linakufa: fedha za mzazi, jina la mtoto, na miaka minne ya jasho.

Wapo watakaonijibu kuwa mazoezi ni lazima, na kwamba bila kurudiarudia hakuna anayejua hesabu wala sarufi. Nakubali. Hata bingwa wa bao hakuzaliwa akijua. Lakini kuna kurudia kwa kuzoea na kuna kurudia kwa kutafuta pengo. Mchezaji wa Go akimaliza mchezo, hukaa na mpinzani wake wakaupanga upya hatua kwa hatua, mshindi akimwonyesha aliyeshindwa pale alipokosea, na aliyeshindwa akimwonyesha mshindi pale alipobahatika. Katika shule nyingi tukimaliza mtihani huandika alama kwa wino mwekundu, tukawapanga watoto kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, tukafungua sura inayofuata. Karatasi iliyosahihishwa imejaa habari za mapengo, na sisi tunaitupa jalalani.

Wengine watasema kuwa darasa lina watoto wengi mno, vitabu ni vichache, na kwamba huku mlimani umeme hukatika, sembuse kuzungumzia tarakilishi. Hilo nalo ni kweli, na serikali isisamehewe wajibu wake kwa sababu ya makala yangu. Lakini kuliona pengo la mtoto hakuhitaji umeme. Mwalimu anaweza kubadilisha umbo la swali moja katika kila somo: badala ya kuuliza jibu, atoe jibu lililokosewa na kuuliza kosa liko wapi. Anaweza kuchukua aya iliyoandikwa na mashine, akaisoma darasani, akawaambia wanafunzi waitafutie pengo: ni jambo gani limesemwa bila ushahidi, ni jina gani halipo, ni sentensi ipi ni tamu lakini tupu. Mtoto wa Kapsokwony anaujua Mlima Elgon kuliko mashine yoyote. Mwulize atazame kile mashine ilichoandika juu ya mlima wake, na utamwona akikaa wima kitini. Kwa mara ya kwanza, yeye ndiye mwenye kuchungulia dirishani.

Aidha, natoa shauri dogo ambalo litachekwa na wengine. Mtaala wa umilisi unasema unataka fikira za kina na utatuzi wa matatizo. Basi bao na drafti viingie darasani, si kama burudani ya Ijumaa jioni tu, bali kama somo la kufikiri. Kipande cha kadibodi na vizibo 24 vya soda havihitaji bajeti ya wizara. Mtoto aliyeliwa kete tatu kwa mruko mmoja amejifunza kwa dakika moja lile ambalo hotuba yangu ya saa nzima isingemfunza. Tena amejifunza bila kudhuriwa, kwani kete hurudishwa ubaoni na mchezo huanza upya. Maishani kete hazirudishwi.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba nawafundisha kuwaonea wenzenu. Ubaoni, kutumia udhaifu wa mpinzani ni haki na ni heshima, kwa sababu yeye naye amekuja kutafuta wa kwako, na asipoonyeshwa leo atabaki nao kesho. Nje ya ubao, anayeutumia unyonge wa jirani ili kumnyang'anya huitwa jina jingine. Jiulizeni kwanza pengo lenu liko wapi. Msilifiche. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yule anayenyamaza darasani kwa kuogopa kuchekwa anamwachia nukta yake ya katikati mtu asiyemtakia mema.

Mwalimu na muuza mtihani wa wizi wanatafuta mahali pamoja katika mtoto. Mganga na adui hulenga kidonda kimoja. Swali la elimu yetu wakati huu wa mageuzi na mashine si kama watoto wana mapengo, maana hakuna asiye nalo, na hata aliyemshinda Lee Sedol ana jamaa zake walioshindwa na mtu wa ridhaa. Swali ni nani atakayeweka kete hapo kwanza. Mwalimu akitangulia, mtoto amepata macho mawili na hata azingirwe na dunia nzima ataishi. Mwalimu akichelewa, asiyefunzwa na mamaye atafunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna desturi ya kukaa naye baada ya mchezo kumwonyesha alipokosea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Muhula haujesha, na karatasi za mtihani uliopita bado ziko kabatini. Zitoeni, walimu wenzangu, tuzitazame tena, safari hii tukitafuta nafasi zilizo tupu.